Zulia la Hajji Marjani na Tundu la Gia

Naikumbuka Ijumaa moja mjini Arua, katikati ya miaka ya sabini. Lakini kabla sijakusimulia, mwanangu, nitakutengea mafungu mawili, kama mpishi anavyotenga mchele na chuya. Fungu la kwanza ni yale niliyoyaona kwa macho yangu: zulia jekundu likiwa ndani ya gari, zulia hilohilo likiwa nje ya gari, na wazee waliosujudu juu yake. Fungu la pili ni yale niliyoyasikia: jinsi habari zilivyosafiri kutoka Arua hadi Koboko, na jinsi zilivyonenepa njiani. La kwanza nitakuapia. La pili nitakutajia aliyeniambia, kisha uamue mwenyewe.

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nawaheshimu wahenga, lakini methali hiyo nimegombana nayo tangu ujana wangu, na mpaka leo hatujapatana. Sikiliza uone ni kwa nini.

Wakati ule nilikuwa mwalimu wa hesabu, kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye suruali mbili na maoni mengi. Nilikuwa nimeposa binti wa Koboko aitwaye Zainabu. Baba yake, Hajji Marjani, alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku, mjukuu wa askari aliyetoka Sudani, na amri za babu yake zilikuwa bado zinatembea katika damu yake. Alikuwa na gari dogo la rangi ya maziwa, na ndani ya gari hilo mlikuwa na zulia jekundu lililoenea sakafu nzima, mbele na nyuma, na juu ya zulia vizulia vinne vya kukanyagia, vyekundu vilevile, vyenye nyuzi ndefu kama manyoya ya kondoo.

Hakuna aliyeingia katika gari lile na viatu. Koboko nzima ilijua. Ulisimama mlangoni, ukavua, ukavipakata viatu vyako mapajani kama mtoto mchanga, ndipo ukaketi. Nimemwona kwa macho yangu ofisa mmoja mwenye mabuti ya magoti akihangaika kuyavua kandokando ya barabara, huku Hajji akimngoja kwa subira na injini ikinguruma.

Jumanne moja dereva wa Hajji alikuwa amelazwa hospitali ya Kuluva kwa malaria, nami nilikuwa na leseni. Hajji akanikabidhi ufunguo nilipeleke gari Arua kwa fundi wa breki, kisha Jumamosi nirudi kumchukua yeye na shemeji zake wawili, waje kuitazama nyumba atakayokaa binti yake. Siku hiyohiyo angetoa jibu la posa. Akanipa masharti matatu.

"Mwalimu, kwanza, usikimbize. Pili, usibebe mutu mimi sijui. Tatu, asali hapana."

"Asali, Hajji?"

"Asali. Hiyo kitu ikiingia ndani ya zulia, haitoki. Ni kama shemeji."

Lazima nikueleze habari ya asali. Miaka ile sukari ilikuwa imetoweka madukani. Chai ilinywewa kwa kumbukumbu tu. Sisi watu wa magharibi ya Nile tulikuwa na nyuki, na mtu mwenye debe la asali alisalimiwa kwa heshima kuliko mwenye shahada. Hajji alijua kwamba gari lolote litokalo Koboko lingesimamishwa na jamaa wenye vibuyu. Nami nilikubali masharti yote kwa moyo mweupe, nikaenda Midia kumuaga shangazi yangu.

Utasema ningeweza kukataa. Mwanangu, wewe una shangazi? Shangazi yangu alikuwa amekwisha kukifunga kibuyu kwa majani ya migomba na kamba, akakiweka nyuma ya kiti changu kabla sijamaliza kusalimia. Nilipofungua mdomo, aliniuliza kama mama yangu anywe chai chungu hadi afe. Nikaufunga mdomo. Niliendesha polepole, nikitii sharti la kwanza kwa bidii ili kulifidia la tatu. Karibu na Arua barabara ilikuwa na mawimbi kama bati. Kibuyu kikalala ubavu, kimya kimya, bila kuniarifu. Nilipofika nyumbani kwa mama, robo tatu ya asali ilikuwa imekwisha kuhamia katika zulia la Hajji Marjani.

Jumatano, gari lilipotoka kwa fundi wa breki, nilifuta kwa kitambaa cha maji. Alhamisi nilifungua mlango nikawakuta sisimizi. Sisemi sisimizi wachache. Walikuwa na njia kuu, njia za pembeni, na nadhani walikuwa na chifu.

Nikiwa nimeduwaa, akapita Papa Anzelemu, mfanyabiashara Mkongo aliyeuza vitenge na sabuni alizovusha mpakani pale Vurra. Akainama, akachungulia, akapiga mluzi.

"Mwalimu! Hawa sisimizi watakula nyaya ya umeme. Mutu moja kule kwetu Aru, ng'ambo ya mpaka, gari yake iliunguaka hivi hivi. Iliwaka yote, ikabaki usukani."

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Toa zulia. Yote. Leo."

Mwanangu, mimi nilikuwa nimesoma miaka kumi na minne. Nilikuwa nafundisha watoto kwamba jibu lisiloonyesha njia halipewi alama. Ningepaswa kumuuliza swali moja tu: uliona mwenyewe? Sikumuuliza. Akilini nilimwona Zainabu akiolewa na mwenye gari lisiloungua, nikaenda kuazima bisibisi na spana.

Kulitoa zulia la gari si kazi ya ubabe, ni kazi ya utaratibu. Kwanza huinuliwa vizulia vya kukanyagia, navyo havina ubishi. Kisha hufunguliwa vipande vya bati vinavyolibana zulia kwenye vizingiti vya milango. Kisha viti vya mbele hutolewa nati zake na kubebwa nje. Kisha huvuliwa mpira uliovishwa kijiti cha gia, ndipo zulia lipite juu yake, kama kanzu inavyopita kichwani. Mwisho hubanduliwa kile kitambaa kinene cha chini kilichogandishwa kwa gundi, nacho hutoka kwa machozi. Mtu mwenye akili huweka skrubu za kila mahali peke yake. Mimi niliziweka zote katika mkebe mmoja wa majani ya chai. Nilipoliunga gari tena, zilibaki skrubu saba, na gari halikulalamika hata kidogo, jambo linalonitia mashaka hadi leo.

Nilifua kwa nusu mche wa sabuni ya mama, aliyokuwa ameificha ndani ya mtungi kwa miezi mitatu, naye hakunisemesha hadi Jumapili. Ijumaa asubuhi zulia lilikuwa safi. Lakini nilianike wapi? Uani kwetu palikuwa na mabata, na bata hamheshimu mtu. Nikakumbuka uwanja wa msikiti: nyasi zimekatwa, ua umezungushwa, hakuna mnyama, jua la kutosha. Nikalitandaza pale zulia, na vizulia vinne mbele yake kwa mstari. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilijisemea kwamba nitalianua kabla ya adhuhuri, nikarudi kukwangua gundi.

Gundi ina tabia ya kumsahaulisha mtu saa. Adhana ilinikuta chini ya usukani, miguu nje kama maiti wa ajali. Nilioga mbio nikakimbilia msikitini, na nilipofika langoni nikayaona haya ninayokuapia: msikiti ulikuwa umejaa, waumini wamemiminika hadi uwanjani, na juu ya zulia la Hajji Marjani walikuwa wameketi wazee watano wakisikiliza hotuba. Vizulia vinne vilikuwa na wenyewe, kila mmoja na chake, wamekaa kwa raha kama wafalme wadogo. Wote wamevua viatu. Hajji mwenyewe asingepata la kulaumu.

Niliswali nyuma yao. Mungu anisamehe, sala ile ilikuwa ya zulia.

Baada ya sala, mzee aliyekuwa mbele yangu, Mzee Abdala mtengeneza baiskeli, aliinua paji la uso, akanusa, akageuka kwa mwenzake.

"We! Hii zulia inanukia asali."

"Na hii tundu ni ya nini?" mwenzake akauliza, akipitisha ngumi katika tundu la gia.

Mzee Abdala hakuwa mtu wa kushindwa na swali. "Ni ya birika. Unaweka birika hapa, haianguki. Kule Makka zulia zote ziko hivyo."

Alikuwa hajafika Makka. Alikuwa hajafika hata Gulu. Lakini watu wanane walitikisa vichwa kwa ufahamu mpya.

Imamu akatoka mlangoni, akauliza zulia limeletwa na nani, amwombee dua. Hapo, mwanangu, ndipo mlango wangu ulipofunguka, nami nikaupita kama sijauona. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Maneno yalikuwa mafupi: ni langu, yaani si langu, nimelianika tu. Nikayatafuta maneno hayo, nikakuta ulimi umeganda kama gundi. Mzee Abdala akanitangulia.

"Mimi najua hii rangi! Hii ni ya Hajji Marjani wa Koboko. Ametutolea zulia ya gari yake, ile yeye anapenda kuliko macho!"

Uwanja mzima ukashangaa. Imamu akainua mikono akamwombea Hajji Marjani umri, afya, na makao mema. Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia amina. Nilisema amina kwa uongo uliokuwa unazaliwa mbele ya macho yangu, nikiwa mtu pekee uwanjani aliyejua kuwa ni uongo. Wakalikunja zulia kwa adabu, wakaliingiza ndani.

Sasa nahamia fungu la pili. Haya sikuyaona, niliambiwa na mama yake Zainabu, naye si mtu wa kutia chumvi hata kwenye mboga. Alisema kwamba lori la mihogo lilifikisha habari Koboko kabla jua halijatua. Habari ilipofika ilikuwa zulia moja. Baada ya sala ya magharibi yakawa mazulia kumi. Asubuhi yalikuwa yametoka Makka. Na kabla ya saa nne, mwanamke mmoja sokoni alikuwa anaapa kwamba mazulia hayo yananukia asali kama ya Peponi.

Narudi kwenye niliyoyaona. Jumamosi niliendesha gari lisilo na zulia hadi Koboko. Kama hujawahi kupanda gari la namna hiyo, chukua sufuria tupu, tia mahindi makavu, weka jikoni, kisha uingize kichwa. Joto la injini lilipanda kutoka kwenye bati, vumbi likaingia kwa vijitundu nisivyojua vina kazi gani, na zile skrubu saba zilikuwa zikilia mfukoni mwangu kama njuga.

Hajji alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, kanzu nyeupe, kofia nyeupe. Wapita njia walikuwa wanampa mkono mmoja mmoja, wakimwambia Mungu atakulipa. Naye alikuwa anaitikia "amina, amina," kwa uso wa mtu anayepokea maiti asiyemfahamu. Aliponiona alilisogelea gari. Alifungua mlango, akavua viatu kama desturi yake, akatia mguu ndani.

"Astaghfirullahi!"

Mguu ukatoka haraka kuliko ulivyoingia. Bati lilikuwa la moto kama chuma cha kaangio. Hajji akaitazama sakafu kwa muda mrefu, kisha akavaa viatu vyake, akaingia navyo. Mtaa mzima uliona. Shemeji zake wawili wakapanda nyuma, viatu mapajani kwa mazoea, wakakunja miguu juu ya kiti kama kuku juu ya mti.

Tulikwenda hadi tukaipita Maracha. Halafu Hajji akasema, macho yakiwa barabarani:

"Mwalimu, mimi nilituma zulia msikitini?"

"Hapana, Hajji."

"Mimi nilikwambia utume?"

"Hapana, Hajji."

"Sasa sikia. Tangu jana nimeambiwa mambo mingi. Zulia kumi. Uongo. Makka. Uongo. Halafu mama moja akasema inanukia asali. Nikasema, hii moja ni kweli. Hii hakuna mutu anaweza kutunga. Mutu anayetunga angesema inanukia udi." Akanigeukia. "Asali ya nani?"

"Ya shangazi yangu wa Midia."

Kutoka kiti cha nyuma shemeji mmoja akaguna kwa huruma. "Hajji, shangazi hakataliwi."

"Wewe nyamaza, weka miguu juu. Mwalimu, na kwa nini ulitoa zulia?"

Nikamweleza: sisimizi, nyaya, gari la Aru lililobaki usukani.

"Papa Anzelemu aliona hiyo gari ikiungua?"

"Aliambiwa."

"Na aliyemwambia aliona?"

"Sijui, Hajji."

"Wewe umesoma miaka ngapi?"

"Kumi na minne."

Akashusha pumzi. "Zulia yangu haikusoma hata mwaka moja. Lakini mpaka wewe umekuja, ilikaa mahali yake."

Mwanangu, nimepewa vyeti vitatu maishani, na hakuna kimojawapo ninachokikumbuka neno kwa neno kama sentensi ile. Shemeji wa nyuma walicheka hadi wakashusha miguu, wakaungua, wakaipandisha tena.

Nilidhani Hajji angenishusha pale barabarani. Badala yake, tulipoingia Arua wakati wa alasiri, akaniamuru nielekee msikitini. Nilimwambia kwa sauti ndogo kwamba mambo yangeweza kuachwa kama yalivyo: watu wamefurahi, dua imekwisha kupokewa, na kulidai zulia haiwezekani.

"Kudai sitadai," akasema. "Lakini dua imeombwa kwa kitu mimi sikufanya. Hiyo ni kuvaa kanzu ya mutu mwingine. Utasimama, utasema yote. Ukiacha hata kibuyu, hakuna posa."

Baada ya sala nilisimama mbele ya watu. Nikasema kwamba zulia lile halikutolewa na mtu, lilianikwa. Kwamba liliingiwa na asali kwa kosa langu. Kwamba Ijumaa niliulizwa nikanyamaza. Na kwamba, kwa heshima zote kwa Mzee Abdala, lile tundu ni la kijiti cha gia.

Kisha kicheko kilianzia safu ya nyuma kikaja mbele kama mvua inavyovuka shamba. Imamu alifunika uso kwa kiganja, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mzee Abdala peke yake hakucheka.

"Hata Makka," akasema kwa utulivu, "magari iko na gia."

Ndipo Hajji Marjani akainuka. Aliyasema maneno machache. Alisema jana alikuwa hajatoa kitu, na sifa za jana anazirudisha kwa wenyewe. "Lakini leo natoa. Kwa mdomo yangu, na ninyi mnaona. Sasa ombeni tena." Wakaomba tena. Safari hii amina yangu ilitoka tumboni.

Nje, akivaa viatu, alinitolea jibu nililolingoja tangu Jumanne. "Binti yangu naweza kumpa mutu anayechelewa kusema kweli siku moja. Akichelewa siku mbili, simpi. Wewe umechelewa siku moja. Twende nione nyumba."

Zainabu alisuka mkeka wa sakafu ya gari lile kwa mikono yake, akaukatia tundu la gia kwa kipimo. Siku tuliyoutandika aliniuliza, bila kutabasamu, "Na birika tutaweka wapi?" Ameniuliza hivyo kila tulipogombana tangu siku hiyo, na sijapata jibu.

Basi nasaha yangu ni hii, nami naisema wazi ili asiwepo wa kuniongezea. Usilifumue jambo lililokaa mahali pake kwa neno la mtu ambaye naye aliambiwa. Muulize kwanza: uliona? Swali hilo halina gharama, nami najua gharama ya kutoliuliza. Na ukiuona uongo unazaliwa mbele yako, nawe ndiye shahidi pekee, usiitikie amina. Sema palepale, wakati bado ni mdogo na unabebeka. Ukiuacha ulale usiku mmoja, utaamka una mazulia kumi. Aibu ya kusema kweli ni kama bati la moto: inaunguza unyayo, lakini mtu huvaa viatu akaendelea na safari. Na ukikosea, kosea kwa kuchelewa siku moja, isiwe mbili.

Mungu akupe macho yaonayo na masikio yenye mlango, mwanangu. Akupe mkwe mkali na mke mwenye kumbukumbu. Akuepushe na asali ya watu unapopewa gari la watu.

Kuhusu zulia lenyewe, utasikia mengi: kwamba lilichukuliwa wakati wa vita, kwamba liko ng'ambo, kwamba bado linanukia. Sithibitishi lolote. Mwaka wa sabini na tisa, asubuhi tuliyofunga mizigo kuelekea mpaka wa Vurra kuikimbia vita, nilipita msikitini kuswali. Zulia lilikuwa limetandikwa karibu na mlango, rangi imepauka, pindo moja limeanza kufumuka. Hapakuwa na mtu mwingine. Na katika tundu la gia, limesimama wima, limejaa maji, palikuwa na birika. Hilo nililiona kwa macho yangu.